Oktoba Ilivyogeuka Mwezi wa Muvi za Kutisha

Dracula, ile ya Bela Lugosi, ilifunguliwa New York tarehe 12 Februari 1931, siku mbili kabla ya Valentine. Frankenstein ikafuata Novemba mwaka uleule, Halloween ikiwa imeshapita. Psycho ilitoka Juni 1960, katikati ya joto. The Exorcist ilianza kuonyeshwa tarehe 26 Desemba 1973, siku moja baada ya Krismasi, na watu wakapanga foleni kwenye baridi ya kuumiza masikio. Jaws ni ya Juni 1975. The Silence of the Lambs ni ya siku ya Valentine yenyewe, mwaka 1991. Pekua orodha ya muvi zilizowatisha Wamarekani kuliko zote katika karne ya 20, utashangaa jinsi Oktoba ilivyokuwa haina chake.

Leo mambo ni mengine kabisa. Ikiingia tarehe mosi Oktoba, huduma za kutazama muvi mtandaoni zinatandaza rafu nzima ya mizimu na wauaji, stesheni za televisheni zinapanga marathoni za usiku na mchana, na kuna changamoto maarufu ya kutazama filamu 31 kwa siku 31. Mtu ambaye Machi hagusi muvi yenye tone la damu unamkuta anamaliza ya nne ndani ya wiki. Wengi wetu tunaoyaona haya tukiwa Dar, Nairobi au Bujumbura tunadhani ni mila ya kale iliyokuja bega kwa bega na Halloween. Sivyo. Ni mazoea ya juzi tu. Yalianzishwa na watu wa televisheni waliokuwa na mzigo wa filamu kuukuu za bei rahisi, yakaja kupigwa msumari na muvi moja ya mwaka 1978. Na yamedumu kwa sababu isiyohusiana sana na biashara: mwili wa binadamu unakubali kufurahia hofu, ila kwa masharti, na msimu unayatimiza masharti hayo kwa mpigo mmoja.

Sikukuu ilikuwepo, sinema haikuwepo

Historia ya Halloween imeandikwa sana, kwa hiyo nitaipita haraka. Mizizi yake iko Ayalandi na Uskoti, kwenye Samhain, sherehe ya Wakelti ya kufunga mavuno na kuingia nusu ya giza ya mwaka. Kanisa liliiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na usiku wa kuamkia siku hiyo ukaendelea kubeba yale masimulizi ya wafu kutembea. Waayalandi waliokimbia njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852 walihama na mila zao hadi Marekani. Huko taa walizozoea kuchonga kwenye figili kubwa zikahamia kwenye boga, maana boga lilikuwa tele na linachongeka kirahisi.

Kipande ambacho watu hukisahau ni cha mwanzoni mwa karne ya 20. Halloween ya Marekani wakati ule ilikuwa usiku wa utundu uliovuka mpaka. Vijana waling'oa mageti, walivunja madirisha, walichoma vitu. Miji mingi ilihangaika kutafuta namna ya kuwatuliza, na desturi ya watoto kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende ilistawi kama sehemu ya dawa: mpe pipi, asikuvunjie dirisha. Desturi hiyo ilisambaa kweli baada ya mgao wa sukari wa wakati wa vita kuondolewa mwaka 1947.

Sinema ilikuwa pembeni tu. Kulikuwa na maonyesho ya usiku wa manane ambapo mwanamazingaombwe anapanda jukwaani, taa zinazimwa ghafla, mafuvu yaliyopakwa rangi ya kung'aa gizani yanapitishwa juu ya vichwa vya watu, kelele zinapanda, halafu ndipo inawekwa filamu ya zamani. Lakini maonyesho hayo yalizunguka nchi mwaka mzima. Hayakuwa mali ya Oktoba.

Mzigo wa filamu 52

Mwaka 1957 kampuni ya Screen Gems, tawi la televisheni la studio ya filamu ya Columbia, ilipata haki ya kukodisha filamu za kutisha za studio ya Universal zilizotengenezwa kabla ya 1948. Ikakusanya filamu 52, ikaziita kwa jina moja, Shock!, na kuziuza kama kifurushi kwa stesheni za mijini. Hesabu ya 52 ni rahisi kuielewa: moja kwa wiki, mwaka umekwisha. Nyingi kati ya filamu hizo zilikuwa na umri wa miaka 15 hadi 25, majumba ya sinema hayakuwa na shida nazo tena, na stesheni ndogo zilikuwa na saa za usiku ambazo hazijui zijazwe na nini. Zilianza kurushwa Oktoba mwaka huohuo.

Tatizo likajitokeza mara moja. Filamu za miaka ya 1930 zina mwendo wa taratibu, na mtoto wa 1957 alishazoea kasi nyingine. Stesheni zikaajiri watangazaji wa kuzisindikiza. Los Angeles ilikuwa na mfano tayari: mwaka 1954 Maila Nurmi, kwa jina la Vampira, aliingia kwenye kamera na gauni jeusi lililombana kiunoni, akapiga ukelele, kisha akaanza kuidhihaki filamu anayoionyesha. Philadelphia wakamleta John Zacherle, aliyevaa koti refu kama la mzika maiti na kuchomekwa katikati ya filamu kana kwamba naye ni mhusika. Msomaji wa Dar aliyekulia kwenye vibanda vya video enzi za Lufufu, au wa Nairobi anayemjua DJ Afro, ataelewa bila maelezo marefu: mtu anayeongea juu ya muvi ya kigeni huifanya iwe yenu. Hofu inabaki, ila inapata mwenyeji wa kuwakaribisha.

Kizazi cha watoto waliozaliwa baada ya Vita vya Pili kiliyapenda madubwana haya kupita kiasi. Mwaka 1958 likazaliwa gazeti la Famous Monsters of Filmland, yakafuata madubwana ya plastiki ya kuunganisha mezani, zikafuata barakoa za mpira. Na barakoa mtoto wa Marekani huvaa lini? Jumamosi usiku anaangalia Frankenstein kwenye televisheni, tarehe 31 Oktoba anapita mitaani akiwa Frankenstein. Hapo ndipo sikukuu na sinema zilipooana, na ndoa yenyewe ilifungwa sebuleni, mbele ya televisheni ya mbao.

Kuna ajali moja ya kisheria iliyosaidia sana. Mwaka 1968 George Romero na wenzake wa Pittsburgh walitoa Night of the Living Dead. Filamu ilikuwa na jina jingine kwanza, na msambazaji alipolibadilisha, ile alama ya hakimiliki iliyokuwa kwenye ubao wa jina la zamani haikuhamishiwa kwenye jipya. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kosa hilo lilitosha kuifanya filamu kuwa mali ya umma. Stesheni yoyote ingeweza kuirusha bila kumlipa mtu. Na zikairusha, mwaka baada ya mwaka, hasa Oktoba, mpaka yule maiti anayetembea kwa kujikongoja akajulikana kila kona. Waliotengeneza filamu waliambulia kidogo mno ukilinganisha na walivyostahili, na mimi huwa naona hiyo ndiyo sehemu ya kutisha zaidi ya kisa chote.

Majani yaliyopakwa rangi

Mtayarishaji Irwin Yablans alitaka muvi ya bei rahisi kuhusu muuaji anayewawinda wasichana walioajiriwa kukaa na watoto. Kisha akapata wazo la kuibana hadithi yote ndani ya usiku mmoja, usiku wa Halloween, baada ya kugundua kwamba jina hilo lilikuwa halijatumika kwenye filamu. Kazi akampa John Carpenter, kijana wa miaka 30, aliyeandika pamoja na Debra Hill. Bajeti ilikuwa kama dola 300,000 na ushee, pesa ya mboga kwa Hollywood hata ya wakati ule.

Hadithi inatokea mji wa kubuni wa Illinois, majani yakianguka. Walipiga picha South Pasadena na Hollywood, California, wakati wa machipuko, miti yote ikiwa kijani kibichi. Wakapaka majani rangi ya kahawia na ya machungwa, wakayamwaga barabarani kwa ajili ya picha, mwongozaji akisema basi wanayaokota na kuyarudisha kwenye mifuko yatumike picha inayofuata. Ukiitazama kwa makini utaiona minazi ya mapambo ya California nyuma ya nyumba zinazodaiwa kuwa za Illinois. Barakoa ya muuaji waliinunua dukani kwa chini ya dola mbili: ilikuwa sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek. Wakapanua matundu ya macho, wakaipulizia rangi nyeupe. Muziki aliutunga Carpenter mwenyewe, kwa mapigo ya tano kwa nne aliyofundishwa na baba yake, na ndiyo maana sikio lako haliachi kuhisi kuna pigo linalokimbia kabla hujalidaka.

Kitu kinachonivutia zaidi kwenye Halloween ya 1978 kiko sebuleni, mbali na kisu. Watoto wanaolindwa usiku ule wamekaa mbele ya televisheni, na televisheni inaonyesha marathoni ya muvi za kutisha: The Thing from Another World ya 1951, kisha Forbidden Planet ya 1956. Carpenter hakuwa anabuni. Alikuwa anaonyesha anachokifanya mtoto yeyote wa Marekani usiku huo. Miaka 21 tu baada ya kile kifurushi cha filamu 52, mazoea yalikuwa yameshakuwa ya kawaida kiasi cha kuwekwa kwenye filamu bila maelezo.

Ilifunguliwa Kansas City tarehe 25 Oktoba 1978 na mwisho wa yote ikaingiza takriban dola milioni 70 duniani. Baada ya hapo kila mtayarishaji alitaka tarehe yake kwenye kalenda: Friday the 13th ikaja 1980, My Bloody Valentine 1981. Krismasi ilikuwa imeshaguswa na Black Christmas mwaka 1974. Lakini hakuna aliyeweza kuipora Oktoba.

Kuanzia hapo ni masuala ya ratiba. Kanda za video zikaingia majumbani. Stesheni za kebo zikaanzisha misimu yao rasmi, AMC mwaka 1997 na ile iliyokuja kuitwa ABC Family mwaka 1998. Hocus Pocus ya Disney, iliyotoka Julai 1993 na kudorora kwenye sinema, ilifufuliwa na kurushwa kila Oktoba hadi kizazi kizima kikaamini ilikuwa muvi kubwa tangu siku ya kwanza. Mwaka 2022 ikapata hadi sehemu ya pili. Kwenye majumba ya sinema, Saw ilitoka mwishoni mwa Oktoba 2004 na kurudi kila Oktoba hadi 2010, muvi saba mfululizo. Kilichokuja kuitikisa ni Paranormal Activity, ambayo Oren Peli aliipiga ndani ya nyumba yake San Diego kwa takriban dola 15,000. Iliposambazwa kote Oktoba 2009 ikaishinda Saw VI wikiendi ileile Saw VI ilipofunguliwa, na ikaishia kuingiza zaidi ya dola milioni 190.

Kwa mwenye pesa, hesabu ni nyepesi. Muvi ya kutisha haihitaji nyota wa kulipwa mamilioni, maana hatukuja kumwona mtu, tumekuja kuona mlango. Haihitaji pia maneno mengi, kwa hiyo inavuka lugha. Na ikiwa na mwezi wake maalumu, nusu ya matangazo imeshafanywa na kalenda.

Kinachotokea mwilini

Sasa tuje kwenye swali ambalo biashara pekee haiwezi kulijibu: kwa nini mtu alipie kuogopa?

Tuanze na basi. Katika Cat People ya 1942, iliyotayarishwa na Val Lewton, mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta. Nyuma yake tunasikia hatua za mwanamke mwingine. Kisha hatua hizo zinakoma. Aliye mbele anaanza kuharakisha, anageuka, haoni mtu. Kimya. Ghafla unasikia mlio mkali kama wa mnyama anayeruka, unashtuka kwenye kiti, na kumbe ni breki za basi lililosimama mbele yake. Hakuna chui, hakuna damu. Mbinu ile imeigwa na karibu kila muvi ya kutisha iliyofuata, kwa sababu inafanya kazi chini ya akili. Sauti kubwa ya ghafla inaufikia mfumo wa kushtuka kabla ubongo wa kufikiri haujapata nafasi ya kusema "ni basi tu". Amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, inapiga kengele, adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, misuli inakaza. Sekunde moja baadaye sehemu ya mbele ya ubongo inafika eneo la tukio na kutangaza kwamba hakuna hatari.

Pengo hilo la sekunde moja ndilo linalouzwa kwenye tiketi. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza kwamba msisimko wa mwili hautoweki mara hofu inapokwisha. Moyo bado unadunda, damu bado imechemka, na hisia inayofuata, iwe nafuu, kicheko au ushindi, inadandia mchemko huohuo na kuwa kubwa kuliko ambavyo ingekuwa yenyewe. Ndiyo maana sinema nzima hucheka baada ya kupiga kelele.

Sauti ina siri nyingine. Daniel Blumstein wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ni mtafiti wa marmoti, wanyama jamii ya panya wanaoishi milimani. Aligundua kwamba mtoto wa marmoti anapoogopa hutoa ukelele uliokwaruza, uliopasuka, usio na mpangilio, na masikio ya mamalia hayawezi kuupuuza. Yeye na wenzake wakapima nyimbo na sauti za filamu zaidi ya 100, na mwaka 2010 wakachapisha walichokikuta: muvi za kutisha zimejaa sauti za namna hiyohiyo. Watunzi wa muziki walikuwa wanaiga kilio cha mtoto aliyekamatwa bila hata kujua. Kwa hiyo, kama unaangalia na umezidiwa, kufumba macho hakusaidii sana. Punguza sauti. Muuaji mwenye kisu bila sauti ni mwanamume aliyevaa vibaya anayetembea polepole.

Ila kipimo kina ukomo. Watafiti wa maabara ya hofu ya burudani katika Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmaki, anakofanya kazi Mathias Clasen, waliwafunga vipimo vya moyo watu 110 waliokuwa wakiingia kwenye nyumba ya kutisha mjini Vejle. Walichokiona ni mchoro wa kilima. Hofu ikiwa ndogo, mtu anachoka. Ikiwa kubwa mno, anataka kutoka. Raha iko juu ya kilima, na kila mtu ana kilima chake. Watafiti hao huwagawa pia wapenzi wa kutishwa kwa makundi: wapo wanaokimbilia msisimko, wapo wanaong'ang'ania kiti na kufurahi baadaye kwamba wamevuka, na wapo wanaoitumia hofu ya kubuni kupunguza hofu yao ya kweli. Kundi la tatu lilionekana wazi wakati wa korona. Utafiti ulioongozwa na Coltan Scrivner mwaka 2020 ulikuta wapenzi wa muvi za kutisha wakiripoti msongo mdogo zaidi katika miezi ya mwanzo ya janga. Haimaanishi muvi ziliwatibu. Inawezekana watu watulivu ndio wanaopenda muvi hizo. Lakini si jambo la kupuuzwa.

Msimu unaongeza nini

Masharti ya hofu tamu ni kujua uko salama, kuwa na watu, na kuwa na mlango wa kutokea. Oktoba ya Marekani inavitoa vyote. Usalama unatangazwa na plastiki: mifupa bandia bustanini, utando wa buibui wa pamba mlangoni pa benki, kifo kimefanywa pambo. Watu wapo, kwa sababu kila mtu anaangalia mwezi uleule na kesho kazini mtasimuliana. Mlango wa kutokea ni tarehe 1 Novemba. Mtu mzima ambaye angeonekana wa ajabu akiangalia muvi za wauaji Aprili nzima, Oktoba anapewa ruhusa na jamii nzima, na ruhusa hiyo, kwa maoni yangu, ina nguvu kuliko muvi zenyewe.

Hali ya hewa nayo inashiriki. Chicago au Boston hupoteza zaidi ya saa nzima ya mwanga wa jua kati ya tarehe mosi na tarehe 31 Oktoba. Kila jioni giza linafika mapema kuliko jana, majani yanaanguka, watu wanarudi ndani. Mwongozaji hana haja ya kujenga hisia za kufungwa gizani. Dirisha limeshafanya kazi hiyo.

Kuhusu zile filamu 31, mimi naona ni nyingi mno. Mwili huzoea. Mshtuko wa kumi hauna nusu ya nguvu ya ule wa kwanza, na ikifika wiki ya tatu mtazamaji anakuwa anahesabu tu atimize orodha. Wanaofaidi ni wale wanaochanganya: leo muvi ya mzimu ya kimyakimya, keshokutwa ya vichekesho yenye vampaya, wikiendi moja nzito na marafiki.

Kwetu bila majani kuanguka

Sisi wa karibu na Ikweta tumepokea kalenda bila msimu wake. Dar Oktoba jua linazama saa kumi na mbili na dakika chache jioni, na Desemba ni karibu vilevile. Oktoba ni joto na matumaini ya mvua za vuli. Kwa hiyo Halloween inayofika kwetu inafika kwa simu, kwa sherehe za klabu za Nairobi na Kampala, na kwa vijana waliokulia au kusoma ughaibuni.

Muvi za kutisha zenyewe si ngeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta, akichota kwenye mizimu na majini ya hadithi zetu, na zilizungumzwa sana mitaani. Lakini hazikufungwa na tarehe. Jini la Pwani halina mwezi.

Na hapa ndipo lile sharti la usalama linapovunjika kwa watu wengi. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, pepo anayesemekana kushambulia watu usiku, ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja na baadaye bara. Watu walitoka majumbani wakalala nje kwa makundi, wakakesha kwenye moto, kwa kuwa ilisemekana humshambulia aliye peke yake ndani. Walikuwa pamoja, kama watazamaji wa sinema walivyo pamoja, lakini hapakuwa na kitufe cha kuzima wala orodha ya majina ya waigizaji mwishoni. Mtu aliyepitia usiku wa namna ile, au anayeamini kwa dhati kwamba majini wapo na husikia wakitajwa, akikataa kuangalia muvi ya kupandisha mashetani, hana ushamba wowote. Ubongo wake wa mbele hauna la kumwambia. The Exorcist hiyohiyo, kwa asiyeamini ni sinema; kwa muumini ni taarifa. Ndiyo maana mahubiri dhidi ya Halloween, misikitini na makanisani, yanapata masikio hapa kuliko yanavyopata kwingi Marekani, na anayeyacheka hajaelewa jinsi hofu inavyofanya kazi.

Watoto ni suala jingine, na hapa sina mzaha. Kristen Harrison na Joanne Cantor waliwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1999: takriban tisa kati ya kumi walikumbuka filamu au kipindi kilichowatisha utotoni au ujanani kikawaachia athari, na karibu robo bado walikuwa na mabaki ya hofu hiyo. Kazi nyingine za Cantor zilionyesha kwamba mtoto mdogo anaogopa sura: kitu kikionekana kibaya, kinatisha, hata kama kina roho nzuri. Kumwambia mtoto wa miaka minne "si kweli, wamepakwa rangi" hakusaidii, kwani bado hajaimudu tofauti hiyo. Kumkumbatia na kubadilisha chaneli kunasaidia. Mtoto wa miaka kumi, kinyume chake, anaogopa kinachowezekana: mwizi, moto, kutekwa. Wamarekani wenyewe walilazimika kubuni daraja la PG-13 Julai 1984 baada ya wazazi kulalamika kuhusu muvi kama Gremlins, iliyouzwa kwa sura ya kijinyama cha kupendeza. Bodi ya filamu ya Kenya ina madaraja yake, 16 na 18 yakiwa ya kuangaliwa kwa makini, ila daraja halina maana kama simu ya mzazi iko mikononi mwa mtoto saa nne usiku.

Mpaka wa Oktoba wenyewe umeanza kuliwa. Hallmark, stesheni ya Marekani maarufu kwa muvi za mapenzi za Krismasi, imekuwa ikizianza Oktoba, Halloween ikiwa bado haijafika. Na Oktoba 2024 muvi iliyoongoza mauzo katika wikiendi yake ya ufunguzi Marekani ilikuwa Terrifier 3, iliyotengenezwa kwa takriban dola milioni mbili, yenye damu nyingi kiasi kwamba ilitolewa bila daraja. Hadithi yake inatokea wakati wa Krismasi, na muuaji amevaa kama Santa.